Mkono Ulioshika Rimoti Zote

Nilikuwa nimeshaupita mnara wa mwisho wa Itundula, mkoba mgongoni, blanketi nimelifunga puani mwa ubao, na sikuwa na nia ya kugeuka nyuma. Nilikuwa nimeaga jana yake. Mimi siagi asubuhi, kwa sababu asubuhi watu huleta chai, na chai humfanya mtu akae. Itundula nilikaa miezi saba. Kwangu ni mingi.

Sikuwa na mali ya kusema. Nilikuwa na ubao wangu wa umeme, ule wa magurudumu wa kusimama juu yake, blanketi, miwani, na mkono wa kulia. Mkono ndio uliokuwa mali. Unaweka kiganja kwenye kioo cha geti la mkoa, kioo kinasoma mapigo ya damu yako, geti linafunguka. Vivyo hivyo bomba la maji la njiani, bweni la wasafiri, dirisha la dawa. Kwa miaka arobaini na kitu mkono huo ulinifungulia mageti ya mikoa kumi na tisa, na hakuna hata moja lililoniuliza kwa nini sikai.

Pale mnarani rimoti ya ubao ilitetemeka mara mbili kiganjani. Kioo chake, kidogo kama ukucha, kikaandika neno. Miwani ilikuwa ndani ya mkoba. Nikabonyeza kidude cha kijani, maana ukibonyeza cha kijani vitu hivi hunyamaza. Ikanyamaza. Nikasukuma gurudumu la kidole gumba mbele, ubao ukavuma, tukaanza kushuka.

Mteremko wa kutoka Itundula una kona kumi na moja mpaka mtoni. Nilikuwa sijafika kona ya kwanza nikasikia mvumo nyuma yangu. Si wa ubao mmoja. Kama nyuki wanahama mzinga.

Nikageuza shingo.

Mbao zilikuwa zinakuja. Zimejipanga mstari mmoja, hatua nne kutoka moja hadi nyingine, na karibu zote hazikuwa na mtu juu yake. Nyingine zilikuwa zinaburuta nyaya za chaja kama mikia. Mmoja ulikuwa na magunia mawili ya viazi, mwingine na debe la maziwa ambalo lilikuwa linamwagika taratibu, na juu ya wa tatu alisimama kuku, ametanua mabawa, anapepesuka kila barabara ilipokunja. Nilihesabu mpaka ishirini nikaacha. Nimeona mengi njiani, nimeona daraja likichukuliwa na maji nikiwa nimetoka kulivuka, lakini sikuwahi kufuatwa na mbao zisizo na watu.

Na ubao uliokuwa karibu yangu kuliko wote, wa kwanza kabisa nyuma ya visigino vyangu, ulikuwa ule mrefu wa wagonjwa, wenye kingo za ubavuni. Juu yake alikuwa amelala Oliva Mbilinyi, jirani yangu wa nyumba ya tatu, amefungwa mikanda miwili, tumbo juu. Alikuwa mjamzito wa mtoto wa tatu na siku zake zilikuwa zimefika.

"Babu Ntandu," akaita, si kwa kelele, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya ua. "Unanipeleka wapi?"

"Sikupeleki popote, mama."

"Mbona nakwenda?"

Nikatazama kona iliyokuwa mbele.

"Mama mkwe wangu ameingia ndani kuchukua kanga," akasema, na uchungu ukamkata, akanyamaza, kisha akaendelea palepale alipoishia. "Tulikuwa tunakwenda zahanati. Zahanati iko kule. Wewe unanipeleka huku. Ungeniambia tunahama, ningefunga mizigo."

"Fungua mikanda uruke."

"Niruke na tumbo hili? Ruka wewe."

Nikavuta gurudumu nyuma, breki. Ubao ulipunguza mwendo kidogo, kisha nikahisi chini ya nyayo umelegea, unateleza kama umepakwa mafuta. Hapo ndipo nilipokumbuka.

Ubao wa umeme hauna raba ya breki. Ukifunga, mota inageuka kuwa jenereta: inakamata magurudumu na kurudisha umeme ndani ya betri. Ni akili nzuri, lakini betri iliyojaa haina pa kuuweka huo umeme, na breki huachia. Ndiyo maana Yudita Chaula, fundi wa mji, aliandika kwa chaki kwenye ukuta wa ghala: ANAYESHUKA BONDENI ACHAJI ROBO TATU TU. Mimi nilichaji mpaka juu kwa kuwa nilikuwa nakwenda mbali. Wengine walichaji mpaka juu kwa kuwa hawakuwa wanakwenda popote.

Zimebaki kona kumi. Chini kabisa, daraja la upana wa mkokoteni.

"Oliva, shika kingo za ubavuni."

"Nimeshika. Babu, mtoto anakuja."

"Mwambie asubiri."

"Mwambie mwenyewe."

Baada ya kona ya pili kuna njia ya shamba la ngano, inapanda kushoto, udongo mwekundu na changarawe. Niliegemea upande wa kushoto kwa uzito wangu wote wa kilo hamsini na tano. Goti la kushoto lilitoa mlio. Ubao ukakata kona, ukagonga changarawe, ukapanda. Nyuma yangu ubao wa Oliva ukakata palepale nilipokata mimi. Kisha wa kuku. Kisha wa viazi. Mmoja mmoja zikaingia njia ya ngano, zikapanda, zikachoka. Mlima ulifanya kazi ya breki.

Tulisimama. Lakini tulisimama kwenye kilima, na mbao zote zilikuwa zinasubiri kidole gumba changu. Ningekilegeza tu, msururu mzima ungerudi kinyumenyume hadi barabarani, na kutoka barabarani hadi mtoni, Oliva akiwa juu ya mmojawapo. Basi nikakaa chini kwenye udongo, mkono wa kulia umekaza gurudumu, mkono wa kushoto nikampa Oliva aushike. Aliushika mpaka nikasikia mifupa. Nikatazama ngano. Mwanamume hana kazi pale, na mimi sikuwa na pa kwenda.

Mkwe wake alifika mbio na kanga begani, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatoka. Alizaliwa mtoto wa kike. Mkwe akamfuta, akamtazama, akanitazama mimi niliyekaa kama jiwe na rimoti mkononi.

"Wewe mzee," akasema, "una nini na sisi?"

*

Yudita alifika baadaye kidogo, pumzi juu, mkoba wa bisibisi unapigapiga nyonga. Alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa hivi, mwembamba, mwenye kusoma maelekezo yote hadi ukurasa wa nyuma. Hakuuliza kitu. Aliweka jiwe chini ya gurudumu la kila ubao, thelathini na nane, kisha akarudi kwangu.

"Achia sasa, mzee."

Kidole hakikukubali. Ilibidi aking'oe yeye, polepole, kama anang'oa kupe. Akaichukua rimoti, akaigeuzia juani.

"Ilikuuliza swali mnarani."

"Iliuliza nini?"

"Unahama?" Akakionyesha kidude cha kijani. "Ukajibu ndiyo."

"Mimi nahama siku zote."

"Ndiyo. Lakini ilimuuliza mkuu wa kaya kama anahama. Mkuu wa kaya akihama, anahama na mbao zake zote."

Nikamwambia sina kaya, na ubao ninao mmoja. Yudita alikaa chini kwenye changarawe, akafunika uso kwa viganja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu. Ghalani."

Sasa niwaeleze ya ghalani.

Mbao zilipofika Itundula mara ya kwanza, mwezi wangu wa pili pale, zililetwa ghala la pareto, na mji wote ukaja. Kuunganisha rimoti na ubao si kazi ngumu. Unawasha ubao. Unabonyeza kidude cha pembeni cha rimoti mpaka taa iwe ya bluu. Unampa mwenye ubao aishike kiganjani, bila kuachia, hesabu ya sitini. Ubao ukilia mara mbili, wamejuana. Mkono huo unaitwa mkono wa kwanza. Mikono mingine inaweza kuendesha, ila kama mgeni, kwa ruhusa ya ule wa kwanza. Watengenezaji walifanya hivyo kwa ajili ya wezi.

Lakini Itundula wana desturi yao. Kitu kipya hakishikwi na mwenyewe kabla hakijashikwa na aliye mkubwa kuliko wote waliopo. Jembe jipya, redio mpya, hata sufuria. Mkubwa anakishika, anakitakia heri, anakirudisha. Siku ile mkubwa kuliko wote ghalani nilikuwa mimi, mgeni wa kutoka Singida, miaka sabini na miwili. Nilikataa. Mwenyekiti Mahenge, anayenifuata kwa miaka minane, akanishika bega: "Kaka mkubwa, usitutie aibu."

Basi Yudita akawa anawasha taa ya bluu, ananipa mimi, nashika, natakia heri. Na mimi nikitakia heri sifanyi haraka. Nilimtakia kila mmoja njia kavu, watoto, viazi visioze. Hesabu ya sitini ilikuwa inapita ndani ya maneno yangu. Ubao ukilia mara mbili watu wanapiga makofi. Kisha mwenyewe anapokea, anashika naye hesabu ya sitini, na ubao unatii. Nani angejua kuwa unamtii kama mgeni?

"Nilisoma," Yudita akasema pale kwenye ngano. "Nilisoma ukurasa wote. Nikaona unashika, nikasema moyoni, si huyu mwenye ubao. Lakini ningeanzaje kumnyang'anya mzee rimoti mbele ya watu?"

Thelathini na saba za mji, na wa kwangu wa thelathini na nane. Zote zangu.

*

Tulikutana ghalani mchana uleule. Mbao zilikuwa zimesukumwa kwa mikono hadi juu, zimepangwa ukutani, na watu walizitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemng'ata. Maziwa hayakwenda popote siku ile. Wala dawa za mgonjwa wetu Mzee Kilasi, wala walimu wa shule ya ng'ambo, kwa sababu tangu mafuta yaishe na pikipiki zigeuke mabanda ya kuku, Itundula yote ilikuwa inakwenda kwa mbao zile.

"Jambo ni dogo," Mwenyekiti Mahenge akasema. "Kaka mkubwa asiondoke."

Watu wakaguna kukubali. Wakaanza kunipangia. Mmoja akatoa chumba chenye dirisha la jua. Mwingine akasema mke angepatikana, na wanawake wakacheka, na mmoja akasema, "Labda wewe umtoe mama yako," wakacheka tena. Nilikaa kwenye gunia la pareto, nikatazama mlango. Walikuwa watu wema. Hilo ndilo lililonitisha. Jela yenye watu wabaya unaweza kuichimba.

"Na nikienda kwa miguu?" nikauliza. "Bila ubao, bila rimoti?"

Yudita akatikisa kichwa. "Mkono wa kwanza usipogusa rimoti hata moja kwa siku tatu, mbao zinajifunga. Zinadhani zimeibwa."

"Kifute hicho kiganja."

"Kinafutwa kiwandani. Kiwanda kilifungwa mwaka juzi."

"Kwa hiyo hakuna njia."

Akamtazama Mwenyekiti, akanitazama mimi. "Iko moja. Mwenye mkono akifa. Viongozi wawili wa mji wanaweka viganja kushuhudia, wanaonyesha picha ya kaburi, na baada ya siku tatu mbao zinakuwa mpya. Zinaomba mkono mwingine."

Wote wakanigeukia.

"Basi mimi nimekufa," nikasema.

"Mzee, sikiliza kwanza. Vioo vyote vinasoma daftari moja. Ukiwa marehemu kwenye mbao, umekuwa marehemu kwenye mageti. Kwenye maji. Kwenye dirisha la dawa. Hakuna kioo kitakachokujua tena mpaka ufe kweli."

Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa umevimba kwa kukaza gurudumu, na udongo mwekundu kwenye kucha. Nikikaa, naoza. Nikiondoka nao, naondoka na miguu ya mji mzima. Nikiuacha, naondoka, lakini kila geti litakuwa ukuta, na nitakunywa kwenye mitaro.

Mwenyekiti Mahenge hakupenda. Alisema hajawahi kuweka kiganja chake kwenye uongo na hataanza uzeeni. Nikamwuliza kama angependa zaidi kuniweka mimi kwenye chumba chenye dirisha la jua, nikitazama barabara, mpaka nife kweli. Mwishowe akasema, "Usiniangalie nikifanya."

"Kwa sharti moja," nikasema, na nilisema mbele ya wote. "Siku mbao zikiamka, kila mtu ashike yake. Mwenyewe. Kwanza. Pasiwepo mkono mmoja tena juu ya watu wote, na pasiwepo mtu mmoja tena chini ya mbao zote."

Wakasema wamesikia. Yudita akaapa.

Walichimba kaburi nyuma ya ghala. Walikuwa wanalichimba vibaya, upande mmoja unaporomoka, nikachukua jembe nikawasaidia. Yudita akapiga picha. Mwenyekiti akaweka kiganja kwenye kioo, mimi nimempa mgongo kama alivyoomba, kisha kiongozi mwenzake akaweka chake. Oliva alikuja na mtoto mgongoni kuniaga, wakati mtoto hajamaliza hata siku ya pili. Alikuwa amempa jina Tulizo.

"Mshike kidogo, marehemu," akasema.

Nikamshika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliuogopa.

*

Niliondoka kwa miguu, asubuhi, na safari hii nilikunywa chai.

Habari za mji nilizipata miezi mitano baadaye, nikiwa nimelala chini ya turubai la mtu anayesafirisha viazi kwa mkokoteni wa punda. Alikuwa ametoka Itundula. Nilimwuliza kama mbao zinakwenda. Akasema zinakwenda vizuri sana, watu wa mji wamepata akili, hawatahangaika tena kama walivyohangaika na yule mzee.

Siku ya tatu zilipoamka, taa zote bluu, walikutana ghalani. Yudita akasimama mlangoni akasema kila mtu ashike yake. Wakamwuliza, je, mtu mmoja akihama na ubao wa familia? Mwingine akifa ghafla, familia ichimbe kaburi ikae siku tatu bila miguu? Wakafikiri kwa pamoja, na waliona wamefikiri vizuri. Mkubwa ndiye aliyewaponza, kwa kuwa mkubwa anaondoka na mkubwa anakufa. Wakamchukua aliye mdogo kuliko wote waliopo. Alikuwa amelala. Walifungua vidole vyake kimoja kimoja, wakaweka rimoti, wakahesabu sitini. Mara thelathini na saba. Ubao wangu walimwongezea kuwa zawadi.

Nilimwambia msafirishaji asimamishe punda. Nilishuka, nikakaa kando ya barabara. Aliniuliza kama ninaumwa. Nilikaa pale mpaka jua likahama upande, nikishindwa hata kuutukana mji ule, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kuwa mtu akitaka kuondoka, mji unaumia.

Yaliyompata kila mmoja ni haya. Mwenyekiti Mahenge alifariki miaka minne baadaye. Yudita Chaula alikataa kuzitengeneza tena mbao za Itundula, akahamia Makambako, anatengeneza pampu za maji, haongei sana. Oliva alizaa mtoto mwingine, wa kiume. Mkwe wake bado yuko, anaona vibaya. Kuku yule aliliwa wiki ileile. Kaburi langu limeota majani na watu hupunga mkono wakipita, kwa mazoea. Mimi ninapita mageti kwa kujificha chini ya maturubai ya watu, nakunywa maji nikipata, goti la kushoto limekwisha.

Tulizo ana miaka kumi na mmoja. Ana afya. Anakula vizuri, mji mzima unamlisha. Hajawahi kuupita mnara wa mwisho. Wanasema kila asubuhi hukaa pale, mgongo kwenye chuma, na akipita mtu anayepanda kutoka bondeni humwuliza kule chini kukoje.